Orodha ya Vyombo Itachanwa Ijumaa

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu katika safu ya Jumanne hii, kwa sababu ikifika Ijumaa nitakuwa nimechelewa.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Dumyat, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya namna hii, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Baba ni seremala, ana karakana yake, na vyombo vya nyumbani kwetu alivichonga kwa mikono yake kabla ya kumwoa mama, kitanda, kabati la milango minne, meza ya chakula na viti vinane, na kama ilivyo kawaida ya kwetu alitia sahihi ile orodha inayosema kwamba vyote ni mali ya mama na yeye amekabidhiwa tu, na orodha hiyo bibi mzaa mama ameiweka kwenye sanduku lake pamoja na sanda yake na hakuna anayeigusa.

Mwezi uliopita shule ilitaka cheti changu cha kuzaliwa, nikaenda kukitafuta katika mkoba wa baba, na chini kabisa nikakuta hati ya talaka yenye jina la baba na jina la mama, ya mwezi wa Rajabu, na sasa Idi Kubwa imeshapita na mama kila asubuhi bado anampigia pasi shati na kumfungia mkate na jibini wa kwenda nao kazini. Niliisoma mara tatu nikidhani ni watu wengine wenye majina kama yao. Baba akaingia nikiwa nimeishika. Hakukasirika, aliichukua akaikunja.

"Wewe si mtoto, profesa," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania kwa sababu ya vitabu vyangu. "Nitamwambia mwenyewe."

"Lini, baba?"

"Nikishapanga mambo yangu."

Wiki hiyohiyo akaniletea kabati la vitabu lenye jina langu limechongwa juu, kitu nilichokuwa namwomba tangu darasa la sita. Mpaka leo sijaweka ndani yake hata kitabu kimoja.

Sasa nimejua ni mambo gani anayoyapanga. Juzi tukiwa mezani alimwambia mama, "Inshirah, miaka kumi na minane, na mama yako bado ananiwekea karatasi sandukuni kama mimi mwizi."

Mama akacheka. "Karatasi yenyewe panya wameshaila. Unaiogopa ya nini?"

"Siiogopi. Inaniuma. Vyombo nilivichonga mimi."

"Haya, Ijumaa tukienda kula kwa mama nitaitoa, uichane mwenyewe mbele yake, roho yako itulie. Ila na wewe usitumalizie bata wa mama."

Mama alifurahi, Mshauri. Jioni alimpigia bibi simu akamwambia kwamba baada ya miaka yote hiyo mume wake bado ana wivu wa karatasi. Na ule msumeno mkubwa wa umeme wa karakana, ulionunuliwa baada ya mama kuuza bangili zake nane, sijui utakuwa wa nani. Kuna jambo jingine naona haya hata kuliandika, kwamba bado wanalala chumba kimoja.

Nikisema, nitakuwa nimemsaliti baba, ambaye hajawahi kunipiga hata kofi. Nikinyamaza, mama atatoa kila kitu huku akitabasamu. Nifanye nini?

Msichana mwenye kabati tupu,
Dumyat

JIBU

Mwanangu,

Kwanza pole. Mzigo huu si wa umri wako, na baba yako alijua hivyo alipokutwika. Lakini nitakugombeza kidogo, kwa sababu mwezi mzima umekaa nao.

Unasema utamsaliti baba. Amekuomba siri gani? Ya kumficha mwanamke kwamba si mke tena, huku akimshawishi aitoe ichanwe karatasi pekee inayomlinda. Hiyo si siri ya kutunzwa na mtoto. Na hilo la chumba kimoja usilionee haya, mwenye kuona haya ni yeye. Eda ya mama yako huenda imeshakwisha, na anastahili kujua analala nyumba moja na nani.

Mwambie leo. Orodha isitolewe sandukuni hiyo Ijumaa. Bibi, au mjomba kama unaye, aitoe nakala tu, na yenyewe irudi palepale kwenye sanda. Baba kuvichonga vyombo hakubadilishi kitu, sahihi yake inatosha. Mama aende ofisi ya usajili akachukue nakala rasmi ya hati ya talaka, kisha amwone wakili wa mahakama ya familia kuhusu mahari iliyobaki, matumizi ya eda na kiliwazo, yaani fidia ya mke aliyeachwa. Asitie sahihi chochote kwa sasa, hata akiletewa kwa maneno matamu.

Kuhusu msumeno sitakudanganya. Kwetu mali haikatwi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu waliishi pamoja, na kilichoandikwa jina la mume ni kazi kukidai. Mtafuteni sonara aliyenunua zile bangili, na risiti kama ipo, iwe ushahidi wa pesa za mama.

Kabati ni lako. Baba yako anakupenda, hilo nalo ni kweli, na halimpi haki ya kukununua. Panga vitabu vyako.

Najua wewe ni mtu wa kuandika kuliko kusema. Basi ulimi ukigoma, usihangaike. Mwekee mama ukurasa huu mezani, keti karibu naye, na usiondoke mpaka amalize kusoma. Halafu chukua kalamu uandike tarehe pembeni. Mume akificha talaka, haki za mali za mke huhesabiwa tangu siku aliyojua, na shahidi wa siku hiyo utakuwa wewe.