Kwa Mama Waringa wa Chama cha Leso, Kiboko

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipoacha mandazi yakiungua kwenye karai, ukakimbilia barabarani, usirudi. Mvua za vuli zilikuja zikaenda. Baba alipanda peke yake, akavuna kidogo. Sisi wanao tumejifunza kupita pale kwenye kona ya barabara, ila bado hatujui kupita tukiwa tunaongea.

Ulizaliwa Murang'a, ukaitwa Wakiuru, binti wa watu wa milimani, ukamfuata Baba huku Kiboko miaka ya sitini, alipopata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba la utafiti. Ulituambia mwenyewe kwamba ulilia mwezi mzima kwa sababu ya joto. Kisha ukanyamaza, ukajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya Mombasa, ukaanza kuuza chai. Kikamba chako kilikuwa kibovu mpaka mwisho. Wateja walikucheka, nawe ukacheka nao huku ukiwaongezea maziwa. Ulionja chai kwa kuidondosha kwenye kiganja. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa, na kila mara ulikuwa nyuma ya wenzako kwa neno moja.

Watu wanadhani chama chako kilianza kwa maombi. Kilianza kwa hasira. Basi na lori viligongana pale konani, na ulipofika ulikuta maiti wamelala juani, watu wakiwapapasa mifukoni na kuwavua viatu. Ulijifungua leso kiunoni ukamfunika mwanamume mmoja aliyekwisha kuvuliwa viatu. Nthenya, jirani yetu muuza nyanya, akakuona, naye akafungua yake. Mkasimama nyinyi wawili mkiwapa maiti mgongo na watu uso. Nthenya anasema ulitamka maneno machache tu.

"Huyu ana mama yake mahali fulani. Rudisheni viatu."

Viatu vilirudishwa. Jumapili iliyofuata wanawake walibaki kanisani baada ya ibada, wa Kikamba na wa Kikuyu, na Chama cha Leso kikazaliwa. Mliwafunika waliokufa, mkawaosha majeruhi na kuwapandisha kwenye gari lolote lililokubali kusimama. Mlilinda mizigo mpaka polisi wafike, na jamaa walipokuja kutafuta watu wao, walikuta uji. Miezi iliyokuwa kimya mlifyeka vichaka pale konani na kupaka mawe chokaa ili madereva wayaone. Wazee walisema huo ni mwethya, kazi ya ujima, kama ule wa kuchimba matuta, ila matuta yana mavuno.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, 1984. Watu walikuwa njiani kila siku, wakipeleka watoto kwa jamaa wenye kazi. Katika ajali moja ulimkuta msichana mdogo amekwisha kufa, hata meno ya mbele hayajaota tena, amevaa sweta ya bluu. Mwanamume aliyesafiri naye alikata roho akipelekwa hospitali, hajasema neno. Mtoto hakuwa na wa kumtambua. Majuma yakapita, na ulipoulizia ukaambiwa atazikwa na wengine wasio na wenyewe, katika shimo moja. Ukarudi nyumbani ukamwambia Baba kwamba utamzika hapa.

"Hapa wapi?" Baba aliuliza.

"Pale chini ya mtaro, karibu na mihogo."

"Mama Waringa, sisi hapa ni wageni. Cheti cha shamba hatujapata. Unataka kuweka kaburi la mtu tusiyemjua?"

"Hata mimi simjui. Lakini nimemfunika kwa mkono wangu. Siwezi kumfunika halafu nimtupe."

Mzee Ndululu, tuliyepakana naye, alisikia akaja kumwonya Baba. "Mke wako ana roho nzuri, Kang'ethe. Lakini kwetu kaburi ni ushahidi. Siku watu wa mtoto huyu watakapofika, watasema alipolala mtu wao ni kwao."

Baba aliyaamini maneno hayo. Aliacha kula nyumbani, akawa anakula na makapera kule kazini. Wanaume wa hapa walimfuata yeye; hakuna aliyekubali kushika jembe. Ulikwenda kwa chifu, ukakaa kwenye benchi lake mpaka akachoka kukuona, akaruhusu. Siku ya mazishi wanawake mlichimba wenyewe. Jua likiwa limeanza kushuka mligonga mwamba.

Baba alirudi kutoka kazini akakukuta ndani ya shimo, viganja vimechunika. Kisha akaenda stoo akaleta mtaimbo.

"Toka, Mama Waringa," alisema. "Jiwe hilo si la jembe."

Alivunja mwamba mpaka shimo likatosha. Mchungaji Mulei akaomba, na mtoto akateremshwa amefungwa leso yako mpya, ile ambayo Baba alikuwa amekununulia Krismasi. Baba aliiona, akatazama kando. Usiku huo alikula nyumbani.

Hofu haikumtoka. Mgeni yeyote alipoulizia boma letu, Baba ndiye aliyetangulia langoni. Na mwaka uliofuata, mvua ikiwa imenyesha na watu wakipumua, wageni wenyewe wakafika: mume na mke kutoka Kyuso, mbali kaskazini ya Kitui. Muli na Kalunde. Njaa ilipowazidi walikuwa wamemkabidhi binti yao kwa mjomba wake ampeleke kwa shangazi Mombasa. Wao walijua yuko Mombasa ameshiba; shangazi alijua wamebadili nia wakabaki naye Kyuso. Ukweli ulipojulikana wakaishika barabara, wakiuliza kila soko, mpaka wakafika kwenye kibanda chako cha chai.

Uliwaketisha. Kalunde hakugusa chai.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

"Sweta ya bluu. Kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi."

"Ni mimi nilishona. Uzi wa bluu ulikuwa umekwisha." Kisha akauliza lile alilokuwa amelibeba njia nzima. "Alikaa barabarani peke yake?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nimeketi naye. Sikumwacha mpaka gari likaja."

Alikuambia jina lake, Ndinda, ukalirudia taratibu ili ulishike. Mlikwenda kaburini mkiwa mmeshikana. Baba alisimama kando ya mihogo, amejiandaa kwa maneno ya shamba. Muli alimwendea akamuuliza ni nani aliyechimba.

"Wanawake," Baba alisema. "Mimi nilivunja jiwe tu."

Muli aliushika mkono wake kwa mikono miwili, na kwa kitambo kirefu hakuweza kuuachilia. Hawakudai kitu. Walisema mtoto asisumbuliwe, alale alipo. Tangu hapo kila mavuno yao ya ndengu yalitufikia, hata miaka ambayo wao wenyewe walivuna debe moja.

Mama, mwaka jana mwezi wa Julai, lori la saruji lilipinduka palepale konani. Ulisikia kishindo ukaenda. Ulimfunika dereva. Vumbi la saruji lilikuwa limetanda, nawe ukapanda barabara ukiwa na matawi mkononi ili kuyasimamisha magari yanayoteremka. Gari dogo lilikuja kwa kasi, na halikukuona.

Nthenya ndiye aliyekufikia kwanza. Baba alipofika na baiskeli aliwakuta wanawake wamesimama duara, wamekupa mgongo, wanatazama watu, na hapakuwa na aliyethubutu kusogea. Wakampisha. Aliketi kwenye lami karibu nawe. Hakuruhusu leso iinuliwe, wala yeye hakuiinua, mpaka gari la polisi likaja kukuchukua.

Muli alifika usiku wa kuamkia mazishi. Alfajiri alikuwa ameingia kaburini kabla ya wanaume wa hapa kuamka, na hata walipomwomba apumzike alikataa kutoa sururu. Umelala karibu na Ndinda.

Tungependa kukuambia kwamba kazi yako inaendelea. Haiendelei. Waume waliogopa wakawakataza wake zao, na hatuwezi kuwalaumu, kwani walikuona ulivyoletwa. Nthenya alijaribu peke yake, akasukumwa mtaroni na watu waliofuata magunia ya sukari ya lori lililoanguka. Chokaa kwenye mawe imefifia, na kichaka kimerudi.

Mwezi wa Desemba, matatu moja ilianguka pale. Baba alikuwa shambani. Aliporudi jioni, Waringa alimwona akiingia langoni kifua wazi, ana baridi, na akamuuliza shati liko wapi.

"Kulikuwa na mama mmoja amelala pale," alisema. "Watu wanamruka tu. Sikuwa na leso."

Alikwenda kwenye kibanda chako, ambacho hakijafunguliwa tangu uondoke, akaketi humo mpaka giza. Tulimpelekea chakula. Alikuwa akilia kwa sauti, Mama, nasi hatukuwahi kumsikia Baba akilia. Siku hizi kishindo kikisikika kutoka konani, anavaa viatu. Miguu yake inauma na hachelewi kuchoka, na akitoka tunakaa tukisikiliza barabara mpaka tusikie baiskeli.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Kiboko Jumapili hii baada ya kanisa. Mchungaji Mulei ataongoza.

Wanaokulilia hata leo ni mumeo Evanson Kang'ethe. Binti yako Waringa. Mwanao Mutie, uliyempa jina la rafiki wa Baba, pamoja na mkewe Kavata. Wajukuu, ambao bado wanauliza. Na Nthenya, mwenzako wa tangu siku ya kwanza. Tulipokuwa tukiandika majina haya tuliuliza kama Kalunde na Muli wa Kyuso waandikwe kama marafiki. Baba alisema waandikwe kama ndugu. Basi, dada yako Kalunde na shemeji yako Muli.

Maadamu tungali hai, Mama, utakuwa mioyoni mwetu.