Chumvi ya Makaa ya Mawe

Kwihara, Tabora
Februari 1954

Mdogo wangu Apolinaria,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Kifua chako kimetulia? Mvua bado zinanyesha hapo Tura? Mimi mzima, magoti tu yananinunia. Anayeandika ni katekista Ambrosi. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Unamjua Koleta, mama mkwe wa mwanangu Modest. Msimu huu Modest, aliyepata kazi shamba la majaribio la serikali, alimpelekea gunia la mbolea nyeupe kama chumvi ya Uvinza. Mimi niliyemnyonyesha nikaletewa maelezo. Eti Ulaya hufungia makaa ya mawe tanuruni mpaka yatoe hewa. Hewa hiyo huwasha taa, na humo wanatoa kitu kinachonuka mkojo, wanakigandisha kwa tindikali kiwe chembe. Nikamwambia mkojo ninao zizini, tena haukuvuka bahari. Akacheka, akasema ndiyo maana hakuniletea, alijua nitaitukana.

Basi mahindi ya Koleta yakapanda, majani yameiva kijani mpaka yanaelekea weusi. Nawe unajua kila mwaka ukoo mzima huja kuyatazama mahindi yangu yangali shambani, wakaagiza mbegu kwangu. Mwaka huu wanawake walinipita mlangoni wakaenda kusimama kwenye matuta yake. Mmoja wao, Minza, akaniambia usoni, "Mama, zamu yako imeisha, pumzika."

Baada ya hapo mahindi yangu yakakauka kama yaliyopitiwa na moto. Nikasema kisimani, watu wakisikia, kwamba Koleta ana mkono mbaya, ameliroga shamba langu. Maneno yakashika. Sasa hakuna anayechota maji naye, na Josepha, mke wa Modest, amefunga nguo zake arudi kwa mama yake. Modest hali chakula.

Apolinaria, nisikie wewe kwanza. Koleta hakugusa shamba langu. Alipokuwa misani niliingia ghalani kwake nikajaza kibuyu mbolea ile. Yeye huweka kidogo, mbali na shina, ardhi ikiwa imelowa. Mimi niliweka konzi kila shina, jua likiwaka, nikakandamiza kama ninayetia chumvi nyama ya kukausha, ili yangu yayapite yake upesi. Niliyaunguza mwenyewe.

Ambrosi ameacha kuandika ananikodolea macho. Nimemwambia aandike. Jumapili baada ya misa nitasimama niseme haya haya, nimshike Koleta mkono mbele ya watu, na nimwombe Josepha afungue mzigo wake, asiondoke. Lakini usidhani nimepoa. Nikiyaona mahindi yale, moyo bado unawaka.

Msalimie shemeji Nikolaus na wajukuu wote, mmoja mmoja. Ukija kutafuta mbegu, chukua kwa Koleta, ndizo nzuri. Ila usinipitie nazo mlangoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Katarina