Wimbi la Baruti

Jumatatu, 3 Februari
Majani yamepimwa mapema. Jua kali, chai imekauka ncha, lakini kikapu changu kilishinda vya vijana wote. Kama kawaida. Pale kituoni nikawapa ile hadithi ya ndovu wa msitu wa Mau aliyenikimbiza mpaka yeye ndiye akachoka. Walicheka hadi karani akasahau kusoma mizani.
Jumamosi tunaenda Chepilat kumwombea Kibet msichana. Marehemu ndugu yangu aliniachia huyu kijana, kwa hivyo mimi ndiye msemaji. Ukoo ulikubali bila ubishi. Nani mwingine ana mdomo?

Jumapili, 9 Februari
Nimeaibishwa.
Jana tulipokelewa vizuri. Chai, kuku, mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Nyumba nzima nilikuwa nimeishika. Nikawapa ile ya machimbo ya mawe ya Kimulot: baruti ilianguka ndani ya maji, wimbi likainuka, likanibeba juu ya mlango wa mbao hadi ng'ambo. Kofia haikulowa. Wote walicheka isipokuwa mjomba wa msichana, Mzee Mosonik. Huyo alifanya kazi bandarini Mombasa mpaka akaota mvi. Akauliza hayo maji yalikuwa na upana gani. Nikasema kama uwanja wa mpira. Akasema wimbi la kubeba mtu hutoka mbali sana, limesukumwa na upepo siku na siku, ndio wazungu wanasimama juu yake na mbao zao. Baruti inarusha maji tu. Nikamjibu kwamba kubeba magunia bandarini si kujua baruti. Kicheko tena. Nikajua nimeshinda.
Halafu akasema polepole, "Mtu akidanganya juu ya maji, atadanganya juu ya ng'ombe."
Hakuna aliyecheka.
Turudi katikati ya Machi, wamesema, tukiwa na msemaji mwingine. Ama nilete video ya hilo wimbi kwa simu, walione.

Jumatatu, 10 Februari
Kibet amekuja wakati nakamua. "Anko, wacha tu. Anko Joel ataongea."
Joel! Ndugu yangu mdogo anayeongea kama anasoma bei ya mbolea. Nikamwambia Kibet hatakosa bibi kwa sababu ya mbeba magunia. Anampenda huyo msichana. Anaogopa, na anaogopa kwa sababu yangu.
Lile wimbi nalikumbuka. Ama nimelisimulia mpaka likakumbukika. Tofauti siioni tena.

Alhamisi, 13 Februari
Litein. Nimempata Obare, rafiki yangu Mkisii wa zamani. Tulivunja mawe pamoja, na yeye bado ni mtu wa baruti. Nikamwomba alipue baruti majini, mimi nikingoja wimbi juu ya mlango. Alinicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wa mawimbi, na hata kuogelea hujui." Kweli. Kwetu nani anajua? Tungeogelea wapi? Nikamwambia mlango unaelea. Akakataa. Nikamkumbusha siku nilimtoa chini ya mwamba kwa mkono mmoja. Ilikuwa mikono miwili, na watu wanne. Hakubishana. Amekubali, na atashika simu apige video.

Jumamosi, 15 Februari
Ni kesho, watu wakiwa kanisani. Kwenye yale machimbo yaliyojaa maji tangu kazi ya barabara iishe. Nimeng'oa mlango wa zizi la ndama. Mke wangu, Mama Chebet, anauliza ndama atalala wapi. Nimemwambia ni siku moja.
Naogopa kidogo.

Jumanne, 25 Februari
Hospitali. Leo ndio nimeweza kushika kalamu.
Wimbi halikuja.
Niliketi juu ya mlango uliozama kidogo, miguu na tumbo ndani ya maji, mgongo kwa ukuta wa mawe nikingoja kusukumwa. Obare akainua mkono. Kwanza likaja teke. Kabla maji hayajapanda hata kidogo, kitu kilipita chini yake kikanipiga tumbo na miguu kama ng'ombe watatu pamoja. Ndipo maji yakasimama, meupe, marefu kuliko mkaratusi. Yakapanda, yakaanguka palepale yalipotoka. Kilichonifikia baadaye ni viwimbi vya kufika goti. Vilitingisha mlango kama sinia ya chai, vikapita. Havikunisogeza hata kidogo. Vyura walielea matumbo juu. Obare alikuwa ukingoni, mdomo wazi, anapiga kelele.
Sikusikia.
Alinivuta kwa kamba, akanifikisha hapa, akatorokea kwao. Simu yake haishiki. Utumbo umeshonwa. Mkojo ulikuwa damu. Daktari aliandika kwa karatasi kwamba masikio yamepasuka yote mawili, na ndani zaidi pia kumeharibika. Nikauliza yatapona lini. Aliinua mabega.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumbani. Majirani wamejaa. Nikawapa ile ya ndovu. Mama Chebet akaniwekea mkono mdomoni, nafikiri nilikuwa napiga kelele. Niliona midomo ikifunguka. Sijui kama walicheka. Ukiondoa sauti, kucheka na kulia ni sura moja.
Kibet ameandika kwa simu, herufi kubwa: JOEL ATAONGEA. WEWE KUJA TU UKAE.
Nilipiga meza kwa hasira. Halafu nikakubali. Mtu hawezi kuomba watu msichana kama hasikii wanataka nini.
Ndama alikufa kwa baridi. Leo ndio wameniambia.

Jumamosi, 15 Machi
Chepilat. Nimeketishwa karibu na ukuta. Joel alisimama, akainua vidole. Wao wakainua vyao. Sijui ni ng'ombe wangapi.
Mzee Mosonik akahama kiti, akaja kando yangu. Akasema kitu, akakumbuka kwamba sisikii. Akafanya mkono wake uwe wimbi, ukapanda, ukajikunja. Akainua nyusi.
Vichwa vyote viligeuka. Mdomo bado ni wangu. Video hakuna, Obare hayuko. Ningesema lolote. Kibet alikuwa anatazama sakafu.
Nikanyoosha kiganja. Nikakilaza bapa juu ya goti.
Mosonik alikiangalia. Kisha akachukua kibuyu cha mursik, akanimiminia yeye mwenyewe, akarudi kwa kiti chake. Akamwambia Joel jambo. Fupi.
Nikanywa. Baadaye wanawake wakasimama wote kwa pamoja, vinywa wazi, mikono juu, na Kibet akajifunika uso. Sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu.
Nafikiri walikuwa wanaimba.