Nakshi Iliyobaki Kwenye Diski Yako

Baba Zuhura wangu,

Nakuandikia nimesimama. Nimejaribu kukaa, siwezi. Cherehani ya nakshi inashona hapa pembeni na mimi kila mara naenda kuichungulia. Ungekuwepo ungesema, "Mama Zuhura, hiyo sindano haikimbii." Najua haikimbii. Lakini kitambaa kilicho chini yake ni gauni la nikaha la mtoto wako, na nakshi ya shingo ni ile uliyoianza wewe, na tulikaribia kuikosa kabisa. Nimewasimulia watu wengi na bado moyo haujatulia. Labda nikikusimulia wewe.

Ulipotuacha nilikaa eda humu humu ndani, Walukuba, hapa Jinja. Watu wanadhani eda ni mapumziko. Mimi sijawahi kuchoka hivyo kwa kukaa. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilizipanga nyuzi zako kwa rangi, zikapendeza, halafu nikazivuruga, kwa sababu wewe hukuzipanga kwa rangi. Ulizipanga kwa tabia: zinazokatika ovyo mbele, zilizo tulivu nyuma. Ilinichukua muda mrefu kuzirudisha, na sina hakika kama nimepatia.

Nilikuwa bado ndani ya eda umeme ulipokatika, kisha ukarudi kwa hasira. Kompyuta yako ikatoa harufu ya plastiki inayoungua na haikuwaka tena. Hakim, mdogo wako, alikuja siku hiyo hiyo na bisibisi mkononi.

"Shemeji, usihangaike. Tunaipeleka mjini, wanaifomati, inarudi mpya."

"Mpya vipi?"

"Mpya. Safi. Haina kitu ndani."

"Hakim, mimi nataka yenye kitu ndani."

Alikuwa amekwisha kuinama kuichukua. Nikaikalia. Kweli, nilikaa juu ya lile boksi, mjane mzima, nikamwambia akiitaka atubebe wote wawili. Alinitazama, akashindwa kujizuia. "Kumbe Afande amekuachia cheo," akasema.

Unakumbuka jinsi Walukuba nzima ilivyokuita Afande, wewe ambaye hukuwahi kushika silaha isipokuwa mkasi? Mababu zako walikuja nchi hii kama askari, nawe ukakulia kwenye Kiswahili, na huku kwetu Kiswahili kilikuwa bado lugha ya wanajeshi, kinatisha watu. Hata mimi, binti wa Kisoga wa Mafubira. Siku ya kwanza ulipoingia dukani kwa mama ukasema, "Habari za hapa," nilidhani umekuja kumkamata mtu. Kumbe ulitaka vifungo.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na shingo ya gauni la Zuhura. Ulianza kuichora kabla ugonjwa haujakulaza, na hukumruhusu aione. "Ataiona ikiwa mwilini mwake," ulisema. Nilijua pia kwamba faili peke yake halitatusaidia. Programu ya kulifungulia haiuzwi tena, na aliyekuuzia cherehani hakukupa chochote cha kuiwekea upya. Ilikuwa lazima diski yote ihamie kwenye kompyuta nyingine jinsi ilivyo, Windows yake, programu yake, kila kitu mahali pake.

Eda ilipokwisha, sikungoja. Hakim aliifungua kompyuta, safari hii kwa ruhusa, akanitolea diski. Niliifunga kwenye mtandio nikaipakata mpaka Mbale. Zuhura bado anafundisha Nabuyonga, na karibu na shule yao kuna fundi mwanamke, Nambozo, ambaye walimu wanamwamini.

Nambozo hakutaja bei wala hakuuliza aina ya diski. Aliuliza, "Mama, humu ndani kuna nini ambacho ukikikosa utalia?"

Nikamwambia nakshi moja, na programu yake.

"Basi hatugusi kitu mpaka tuwe na nakala."

Aliichomeka diski yako kwa waya kwenye mashine yake, akaanza kuinakili yote kwenye diski mpya. "Si mafaili tu," akasema. "Nyumba nzima, na kuta zake, na buibui wake." Kwenye diski yako hakuandika chochote. Nikamuuliza itachukua muda gani, akaniambia niende nikanywe chai. Nikaenda, nikarudi. Akaniambia nikanywe nyingine. Nilizunguka soko nikanunua vitunguu, na Zuhura alikuwa na vitunguu tele. Niliporudi mara ya tatu Nambozo akamwambia Zuhura, "Mwalimu, mama yako atachimba shimo hapa mlangoni kwangu."

Aliiweka diski mpya kwenye kompyuta aliyotutafutia, akawasha. Ikaonyesha alama ya Windows, tukashikana mikono, kisha skrini ikawa bluu yote, ikazima, ikajiwasha, ikawa bluu tena. Mimi nilitoka nje. Niliposimama pale barabarani nilikuwa na maneno yako kichwani, yale ya hospitali, "Usitazame mashine, nitazame mimi," na sikuwa na wewe wa kutazama.

Zuhura alinifuata. "Mama, rudi. Anasema haijafa."

"Imeamka kwenye nyumba ya watu," Nambozo alieleza, "inatafuta mlango pale ulipokuwa zamani." Aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta, ile inayotangulia Windows, akabadilisha jinsi mashine inavyozungumza na diski. Akawasha upya. Ikafikiri sana. Halafu ikafunguka, haikuuliza neno la siri, kwa sababu hukuweka. "Mwizi akiifungua, atamalizia na kazi za wateja," ulikuwa ukisema. Na pale kwenye skrini palikuwa na picha ya Zuhura mdogo akionyesha pengo la jino, na mafaili yako yametawanyika juu ya uso wake kama kawaida yako.

Tulibofya programu. Ikakataa. Ilitaka ufunguo wake, kile kidude kidogo kilichochomekwa nyuma ya kompyuta yako. Nilikuwa nimebeba diski kama yai na kidude nimekiacha Jinja. Nikampigia Hakim.

"Kile cha nyuma? Mimi nilidhani ni kizibo cha kuzuia mende. Nilikichomoa."

"Umekitupa?"

Nikasikia anapekuapekua vitu, na mimi nikaanza kumsomea dua mbaya moyoni. "Kiko kwenye kopo la misumari," akasema mwishowe.

Alikileta mwenyewe kesho yake. Nilimwambia ampe dereva, akakataa. Aliingia kwa Nambozo amekunja ngumi, akaifungua juu ya meza, na kiganja chake kilikuwa na alama ya kile kidude. Nilimsamehe mambo mengi hapo hapo.

Programu ikafunguka. Nambozo akalifungua faili la Zuhura. Palikuwa na upande wa kushoto wa shingo, majani yanashuka kutoka begani mpaka katikati ya kifua, na jani la mwisho limekatika katikati. Upande wa kulia palikuwa peupe.

"Nusu imepotea," nikasema.

Nambozo alilitafuta lile faili kwenye diski yako ya zamani, akaliweka kando ya lile jipya, akalinganisha. Alichukua muda wake. Kisha akageuka. "Hakuna kilichopotea, mama. Hapa ndipo alipofika."

Hakim alitoka nje. Zuhura alilia bila sauti. Mimi nilitazama lile jani, nikajaribu kukumbuka ni nini kilikuinua pale mezani siku ile. Chakula? Adhana? Maumivu? Nilikuwa humu ndani na wewe na sikumbuki.

Nambozo akasema taratibu kwamba programu inaweza kugeuza upande wa kushoto ukawa wa kulia, ni kubofya tu. Nilimwomba anakili faili kwanza, lako libaki lilivyo, hilo jingine aligeuze. Ikatokea shingo nzima, nzuri, sawasawa kama kioo. Zuhura aliipenda. Mimi nilirudi nayo Jinja nikiwa na jambo linanikera, nisijue ni nini.

Nilijua Zuhura alipokuja kupimwa, nilipomvalisha kitambaa. Wewe hukuwa ukigeuza. Kila mara ulichora upande wa pili upya, kwa sababu hakuna mtu mwenye mabega yanayolingana, na bega la kulia la Zuhura liko chini tangu alipoanguka kwenye mpera. Nikakaa kwenye kiti chako, nikashika kipanya ambacho hukutaka nikishike, nikaanza kushusha majani moja moja. Na zile kona unazojaza mishono mpaka uzi unakatika, nikazipunguza. Hapo nilikuwa na haki. Miaka yote ni mimi niliyekuwa nikitunga uzi upya huku wewe ukiuliza, "Umelala?"

Zuhura alipoona aliinamisha kichwa. "Mama, hapa pamepinda."

"Na wewe umepinda."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nyumba hii ilikuwa haijacheka tangu ulipoondoka, na tulipomaliza tuliogopa kidogo.

Sauti imebadilika, nimekwenda kuangalia. Sindano imemaliza upande wako. Imefika pale jani lilipokatika na imesimama, inataka uzi mwingine, na kuanzia hapo ni mkono wangu. Acha niende nikautunge. Mungu akulaze pema, Afande.

Mkeo,
Mama Zuhura