Barua Zilizokwama Shirimatunda

Jumatatu, 9 Juni 2025

Hapa Shirimatunda barua pepe hazitoki. Asubuhi naandika presha ya Baba kwenye kompyuta ya sebuleni, ile ya Linux, yenyewe imtumie dada Elisifa huko Ujerumani. Ndiyo kazi niliyoipa. Mimi na dada hatujapigiana simu tangu tumzike Mama, basi mashine ituzungumzie! Lakini kila barua inaishia kwenye foleni.

Baba kakataa mtori, eti hauna chumvi. Chumvi kakataza daktari, si mimi. Nimechoka.

Jumanne, 10 Juni

Nimewapigia watu wa intaneti. Wanazuia barua zinazotoka moja kwa moja kwenye kompyuta za majumbani, kwa sababu ya matapeli. Eti nizipitishe kwenye seva ya barua inayotambulika. Haya.

Mchana binamu Filbert kanipigia. Dada anauliza mbona hapati taarifa, au nimemchoka Baba?

Nimemchoka! Mimi ninayemwogesha!

Nikakaa, nikamwandikia: "Wewe kazi yako maswali. Mimi ndiye ninayemgeuza Baba kitandani. Siku ya mazishi yake usije ukalia mbele yangu." Nikatuma. Ikakwama kama zile nyingine. Nikacheka peke yangu. Afadhali — nimetapika, na hakuna aliyechafuka.

Jumatano, 11 Juni

Ukungu, baridi, na Postfix. Hii Postfix ndiyo programu inayosafirisha barua, na leo imenitoa roho. Nimeweka jina la seva mpya, nimebadilisha namba ya mlango wa kupitishia barua, nimeandika nywila. Ikakataliwa. Nikarudia. Ikakataliwa. Umeme ukakatika, ukarudi. Kumbe mwisho wa nywila nimeacha nafasi tupu. Nafasi!

Nikarekebisha, nikaiwasha upya. Barua ya majaribio ikaingia kwenye simu yangu. Nikapiga makofi, Baba akashtuka usingizini.

Halafu nikatazama foleni. Hakuna kitu. Imezitoa zote. Na ile ya jana.

Mungu wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Presha ya leo imeenda bila shida. Jibu hakuna. Nimeshinda nafua tu nguo.

Jioni hii simu ya Baba ikalia. Nikamsikia anasema, "Elisifa, mwanangu, nini tena?" Kisha akaniita.

"Umemwandikia nini dada yako?"

"Presha yako, Baba."

"Presha yangu ndiyo inamliza hivi?" Akaninyooshea simu. "Shika. Anakutaka wewe."

Mikono ina povu. Nikaipokea hivyo hivyo. Nikasema, "Shikamoo dada." Hakuitikia. Akasema tu, "Usikate, Tabitha." Basi.

Nimeilaza simu mezani ikiwa kwenye spika, kando ya daftari hili. Haijakatwa. Baba anajifanya amelala, jicho moja liko kwangu. Naandika huku namsikia dada akipenga kamasi. Mara mbili amevuta pumzi kama anataka kusema — akaacha. Mimi pia. Sasa ameniita tena, taratibu, kwa jina alilokuwa akiniitia Mama, na mimi naweka kalamu chini nimwitikie.