Yule Bondia wa Kwenye Simu

Jumapili, Migori. Mvua imenyesha tangu asubuhi na kanisani sikwenda. Nimekaa tu mbele ya cherehani bila kushona chochote. Shajara yangu, leo sina moyo, lakini nisipoandika nitapasuka.

Jana tulikuwa Homa Bay, harusi ya binti wa shangazi yangu. Baba alinisumbua wiki nzima kuhusu suti yake ya kijivu, ile aliyoivaa siku alipopokewa Oyugis na mkanda wake wa ubingwa, watu wamejaa barabarani. Nimeipunguza mara mbili tangu nimlete kukaa nami Mama alipofariki, na bado inamning'inia.

Kwa msiojua, Baba alikuwa bondia, tena bingwa. Jina lake la ulingoni ni Kwach, yaani chui. Siku hizi anasahau kama amekula. Ananiita kwa jina la Mama. Lakini Kwach hajamsahau. Kilichofutika kabisa ni pigano lake la mwisho, lile aliloangushwa. Huniambia hajawahi kushindwa na mtu, nami naitikia ndiyo Baba, maana jina hilo ndilo kitu pekee alichobaki nacho.

Basi bendi ilipochangamka, Baba akainuka. Kwetu mtu anaruhusiwa kusimamisha muziki katikati akajisifu mbele ya wote. Tunaiita pakruok, na hakuna anayekuona una maringo. Akachukua maikrofoni.

"An Kwach, wuod Kasipul!" Mimi Chui, mwana wa Kasipul, kule kwetu. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani na machozi ya furaha yakanilenga. "Mimi niliyemlaza yule... yule..."

Jina halikuja.

Watu wakangoja. Mpiga ngoma akagonga kidogo kumsaidia. Kisha jamaa mmoja wa meza yetu akapaza sauti: "Champ, si ni wewe ulilazwa?"

Walicheka, hata bibi harusi alicheka. Baba naye akacheka akidhani wanamshangilia. Nikamshika mkono nikamrudisha kwenye kiti.

Hapo meza nzima ikageuka majaji. Yule jamaa akasema Baba alikuwa anachaguliwa wapinzani vibonde. Mzee mmoja wa rika la Baba akasema hapana, Kwach alikuwa moto, ila aliharibu kila kitu kwa kukataa kustaafu. "Angeachia akiwa juu, leo tungemwita mkubwa wa wote." Kijana mmoja naye akadakia, "Lakini defence hakuwa nayo, buda. Zero!" Walibishana hivyo huku wakila nyama sahani moja naye, kana kwamba wanamzungumzia marehemu. Sijui mtu ambaye hajawahi kupigwa hata ngumi moja ya pua anautoa wapi huo ujasiri. Alfajiri zote zile za kukimbia kwenye baridi, meno yaliyong'oka, mbavu alizolalia zikiuma, yote wanayapima kwa dakika moja.

Na dakika yenyewe ipo. Mapigano aliyoshinda hayakurekodiwa, au yalirekodiwa yakapotea. Hili la mwisho mtu alilirekodi na sasa liko mtandaoni. Kijana akalitafuta, akamsogezea Baba simu. Nadhani hakuwa na ubaya. "Mzee, cheki hii."

Nilinyoosha mkono niinyakue. Nikachelewa.

Baba akainamia kile kioo kidogo. Akamtazama bondia anayeyumba, mikono imeshuka, anakula ngumi baada ya ngumi, anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Meza yote ilimtazama yeye.

Akarudisha simu, akatikisa kichwa. "Huyu miguu yake imekufa kitambo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi. "Yawa, kwani hana watu kwao? Hana mtu wa kumwambia imetosha, rudi nyumbani?"

Yule mzee wa rika lake akainuka kwenda kunawa mikono na hakurudi mezani.

Mama alimwambia. Nilikuwa mdogo, lakini nilimsikia jikoni akimsihi huku analia, na Baba akachukua begi lake akatoka. Nilitaka kumwambia hayo pale pale. Ulikuwa na watu, Baba. Ulikuwa nasi.

Nilimeza maneno. Ningeyasema, Kwach angekufa mbele ya bendi na ningemrudisha Migori mzee asiye na jina.

Nilidhani usingizi utanituliza. Wapi! Nimeamka na hasira ile ile kwa wale majaji wa mezani, halafu nakumbuka kwamba hukumu ya Baba ilikuwa kali kuliko zao zote, na sina cha kuipinga. Hilo ndilo linanimaliza.

Sasa hivi Baba ameamka kutoka usingizi wa mchana. Ameniita kwa jina la Mama, akauliza kama yule bondia wa kwenye simu alifika kwao.

Nimemwambia alifika.

Akasema basi apewe chakula, aachwe apumzike, asiulizwe maswali. Nikaenda jikoni nikapakua ugali na omena, nikamwekea mezani, nikamnawisha mikono.

Anakataa kugusa. Ameisukuma sahani upande wa kiti kitupu. Anasema hicho ni cha yule bondia, yeye atamngoja.