Gari la Kumchukua Kaka Hamisi

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Lewisham, hapa London. Mama yako hajambo, ila zamu za hospitali zinamchosha. Mimi ni goti tu linalonisumbua.

Umeniuliza kama uikubali ile kazi ya polisi, kwenye kikosi cha dawa za kulevya na magenge kilichoongezewa fedha na serikali. Nikusimulie jambo la Tanga, nilipokuwa msichana.

Kaka yangu Hamisi alikuwa akivuta unga na kuuuza. Asubuhi moja polisi walikuja kumkamata kwa gari jipya walilopewa na serikali. Walimkuta sakafuni anatetemeka, amezidiwa na unga. Mama akamwambia askari wa kike, "Mwanangu, gari la kumpeleka rumande mmepewa. La kumpeleka hospitali hamkupewa?"

Yule dada akamwambia dereva, "Tupite hospitali kwanza."

Hamisi alifungwa, sikufichi. Lakini alifika mahakamani akiwa hai, na leo ndiye babu anayekupigia simu kila Idi kukuuliza kama umekula.

Uamuzi ni wako, mama. Yule askari simjui hata jina, ila namwombea dua kila nikiswali. Ukiichukua hiyo kazi, nitawaombea wawili.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi